Mafumbo ya nyimbo za Ukambani yanavyowatatiza wahakiki wa muziki

ANAYENUNUA santuri ya zamani ya Ukambani iliyochapishwa upya ng'ambo hupata ndani yake kijitabu chembamba cha maelezo. Humo hutajwa jina la bendi, mwaka wa kurekodiwa na muhtasari wa kila wimbo kwa sentensi moja au mbili. Wimbo huu wahusu mapenzi, ule wahusu pombe, wa tatu ni maombolezo ya rafiki aliyefariki. Mhakiki wa gazeti la London au New York huusoma muhtasari huo, akaongeza maneno yake kuhusu milio ya magitaa, kisha akaupeleka uchapishwe.

Baina ya mhakiki huyo na mzee wa Mutomo aliyeucheza wimbo uo huo ujanani mwake kuna vizuizi viwili. Cha kwanza kimejengwa na mwimbaji, ambaye hataji jambo waziwazi ikiwa anaweza kulipitisha kichochoroni. Cha pili kimejengwa na mhakiki mwenyewe, ambaye huandika kwa mafumbo ya kwao huku akidhani kwamba kila msomaji ameyazoea. Matokeo yake ni kuwa msikilizaji wa Kitui hauelewi uhakiki, na msomaji wa London hauelewi wimbo.

Wimbo unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine ni "Katelina", ulioimbwa na Kalambya Sisters mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kundi hilo la wanawake liliambatana na Kalambya Boys, bendi ya Onesmus Musyoki, na sauti zao nyembamba na tamu zilivuma mbali, hata zikawafikia wapenzi wa muziki wa Afrika huko Ulaya. Muhtasari unaorudiwa na waandishi wengi ni mfupi: Katelina ni msichana apendaye uki, na kila mara ulevi huo humwishia katika uja uzito. Ni kichekesho, husema wahakiki, kisha huendelea na gitaa.

Muhtasari huo si wa uongo, ila umeacha mlango umefungwa. Uki haukuwa kinywaji cha kila mtu. Katika desturi za Wakamba ulikuwa wa wazee, walioitwa atumia. Ulinywewa palipojadiliwa mahari, paliposuluhishwa ugomvi na palipomwagwa tone chini kwa ajili ya waliotangulia. Vijana hawakuukaribia, sembuse msichana ambaye hajaolewa. Kwa hiyo msikilizaji wa Kitui au Mbooni hacheki kwa sababu tu mtu amelewa. Anacheka, au anakunja uso, kwa sababu binti ameketi kwenye kigoda cha babu yake. Neno moja la kinywaji limeupindua mpangilio mzima wa boma.

Jina nalo lina yake. Katelina ni Catherine aliyepita katika kinywa cha Kikamba, lugha ambayo huigeuza "r" kuwa "l". Ni jina la ubatizo, jina la msichana aliyefikiwa na misheni na pengine na shule. Mwimbaji angeweza kumwita kwa jina la nyumbani, mathalani Nduku au Mwende, lakini hakufanya hivyo. Wako wanaoona hapo dhihaka dhidi ya usasa. Wako pia wanaoona kinyume chake, kwamba waimbaji wenyewe ni wanawake vijana, na kicheko chao chaweza kuwa kinamwelekea yule anayehukumu badala ya anayehukumiwa. Maoni ya pili yana uzito kuliko yanavyopewa kwa kawaida, maana wimbo uo huo ukiimbwa na wanaume ungekuwa karipio tupu.

Mfano mwingine ni mbuzi. Tuseme mwimbaji analalamika kwamba mbuzi wake hawajapokewa kwa wakwe. Mgeni hufikiri kuwa huo ni wimbo wa umaskini, kijana hana mali. Mkamba husikia neno ambalo halikutajwa, yaani ntheo. Hao ni mbuzi wa mwanzo wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na bila ya kutimizwa kwa desturi hiyo ndoa ya kimila haihesabiwi kuwa imefungwa, hata kama wawili hao wameishi pamoja miaka mingi na kuzaa. Mahakama za Kenya zimeijadili ntheo mara kwa mara katika kesi za urithi, mjane akitakiwa athibitishe kwamba alikuwa mke. Kumbe mwimbaji wa mbuzi hazungumzii mifugo. Analilia watoto wake, kwa kuwa hana hakika wataitwa wa nani.

Majina ya watu na ya mahali

Kufasiri nyimbo za Ukambani kwataka kwanza mtu ajue majina yanavyotolewa. Mutuku ni mvulana aliyezaliwa usiku, Kioko ni wa asubuhi, Mueni ni mgeni, Syombua na Wambua hutokana na mvua. Wayua ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, kwa kuwa njaa huitwa yua. Basi mwimbaji akimsihi Wayua aondoke na asirudi tena, msikilizaji hulazimika kujiuliza ni msichana gani huyo. Huenda ni mpenzi aliyemchosha. Huenda pia ni ukame.

Ukame wenyewe una majina, na majina hayo ndiyo kalenda ya Ukambani. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa maana ya kwamba ilienea kila mahali. Ile ya 1961 ilibaki na jina la Atta, kutokana na unga wa msaada uliogawiwa. Ile ya mapema miaka ya 1980 ilipewa jina la Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nikiwa nazo mkononi", maana watu walikuwa na fedha lakini dukani hapakuwa na chakula cha kununua. Mwimbaji akisema kwamba alimwoa mkewe wakati wa Atta, ametaja mwaka, ametaja hali ya mahari, na ametaja jinsi mke huyo alivyoingia nyumbani mikono mitupu bila kulaumiwa na mtu. Mtafsiri aandikaye "alimwoa wakati wa unga" amekosa vyote vitatu.

Mahali pia husema. Jabali la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, lina hadithi ijulikanayo na kila mtoto, kwamba alizungukaye mara saba hubadilika jinsia yake. Mwimbaji akimwambia mwenzake kuwa huenda ametembelea Nzambani, hamsifu kwa utalii. Jiwe la Nzaui, upande wa Makueni, lina hadithi tofauti kabisa, kwa kuwa masimulizi ya asili yasema kwamba Muumba aliwateremsha watu wa kwanza hapo. Kulitaja Nzaui ni kudai uzawa, kusema "sisi ndio wa tangu hapo". Mhakiki anayeyaandika majabali haya mawili kama "vilima vya nyumbani kwa mwimbaji" ameyasawazisha mambo yasiyofanana.

Kisha kuna barabara. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei: mlolongo huu si orodha ya vituo tu. Ni njia ya reli na ya barabara kuu ya Mombasa, ambayo wanaume wa Makueni waliifuata kwenda kutafuta kazi, na ambayo wake zao waliitazama wakingoja barua. Sultan Hamud lenyewe ni kumbukumbu ya Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Reli hiyo nayo yakumbusha utabiri unaonasibishwa na Syokimau, kwamba nyoka mrefu angekuja akitema moto kutoka maji hadi maji. Nyoka katika wimbo wa Kikamba hawi nyoka wa majani kila wakati.

Jambo dogo la kiutawala nalo huwapotosha watafiti. Wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kwa hiyo bendi iliyorekodi mwaka 1978 na kuandikwa kuwa ya "Machakos" yaweza kuwa ya Mbooni au Nzaui, ambako leo ni Kaunti ya Makueni. Mwingi ilitoka Kitui mwaka 1993 na kurudi chini ya Kaunti ya Kitui mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013. Asiyejua hayo huwapa wanamuziki kwao kusiko kwao.

Ndugu wasio ndugu

Majina ya bendi yenyewe ni darasa. Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo haikuwa ya ndugu wa tumbo moja, kama vile Kalambya Sisters hawakuitwa dada kwa sababu ya kuzaliwa pamoja. Brothers, Boys na Sisters yalikuwa mavazi ya zama hizo. Kilimambogo ni jina la Kiswahili la mlima ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk. Mara nyingine bendi hiyo iliandikwa Les Kilimambogo, kwa kiambishi cha Kifaransa ambacho hakina kazi yoyote katika sarufi ya Kikamba, ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Kilitoka kwa Wakongo. Katika miaka ya 1970 jiji la Nairobi lilikuwa limejaa bendi za Zaire, mojawapo ikiwa Les Mangelepa iliyoundwa mwaka 1976, na neno "Les" likawa kama tai shingoni: halikupashi joto, lakini lilionyesha kuwa umevaa.

Vivyo hivyo na neno "Jazz". Shirati Jazz ya D.O. Misiani, bingwa wa benga aliyefariki mwaka 2006, haikupiga jazi ya New Orleans. Msomaji wa ng'ambo aliyeiagiza santuri yake kwa kudhani atasikia tarumbeta alikuta magitaa ya benga, mtindo uliozaliwa Nyanza kwa kuiga upigaji wa nyatiti na baadaye kuenea hadi Ukambani, ambako gitaa la pili lilipewa kazi ya kuzungukazunguka juu ya la kwanza bila kupumzika.

Kakai, aliyefariki mwaka 1987, aliongeza fumbo la lugha. Sehemu kubwa ya umaarufu wake wa kitaifa ilitokana na nyimbo za Kiswahili, zilizomfikisha kwa wasikilizaji ambao Kikamba hakingewafikia. Wengi hudhani basi kwamba nyimbo hizo hazihitaji mfasiri. Si hivyo. Kiswahili chake kilibeba mawazo ya Kikamba, methali zilizogeuzwa lugha na utani wa ukoo, hata msikilizaji wa Mombasa akaelewa kila neno na kukosa kiini.

Ugumu huzidi katika zile sauti za katikati ya wimbo, gitaa linapoachiwa nafasi na mwimbaji akaanza kuita majina. Wahakiki wengine wameziandika kana kwamba ni beti. Kwa kawaida ni salamu: kwa mpiga gitaa, kwa mfadhili aliyelipia studio, kwa mwenye duka sokoni, kwa rafiki aliye kazini Mombasa. Hata hivyo salamu hizo si za kupuuzwa. Humo ndimo mna ramani ya nani alimjua nani, na mara nyingine kutotajwa kwa mtu ndiko habari yenyewe.

Tahajia nayo haisaidii. Kikamba kina irabu saba, ilhali wachapaji wa lebo za santuri katika mtaa wa River Road, Nairobi, walikuwa na tano tu kwenye taipureta zao. Maneno mawili tofauti huandikwa sawasawa, na neno moja huandikwa kwa namna tatu. Hali hii haikwisha na santuri. Kibao cha Ken wa Maria kilichovuma mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilichochukua neno la Kiingereza lenye maana ya "mambo ya msingi", hupatikana hadi leo kikiwa kimeandikwa kwa tahajia kadhaa, baadhi zikifuata Kiingereza na baadhi zikifuata matamshi ya Ukambani.

Mafumbo ya upande wa pili

Si haki kuwalaumu waimbaji peke yao. Uhakiki wa muziki wa roki uliozaliwa Marekani katika miaka ya 1960, kwa majarida kama Crawdaddy la 1966 na Rolling Stone la 1967, ulikuwa na lugha yake ya ndani tangu siku za mwanzo. Robert Christgau, aliyeanza kutoa alama za herufi kwa santuri katika gazeti la Village Voice mwaka 1969 mithili ya mwalimu anayesahihisha mtihani, aliweza kutia marejeo manne katika sentensi moja bila kufafanua hata moja. Naye ni miongoni mwa wachache walioutilia maanani muziki wa Afrika.

Fikiria mwalimu wa Wote anayesoma katika uhakiki wa namna hiyo kwamba gitaa fulani la Kikamba lina ladha ya "gereji". Kwake gereji ni mahali pa mafundi, mafuta machafu na matatu iliyoinuliwa kwa jeki. Mhakiki anakusudia vijana wa Marekani wa katikati ya miaka ya 1960, waliofanya mazoezi katika banda la gari la wazazi wao na kurekodi kwa vifaa duni na bidii nyingi. Nyimbo zao zilikusanywa na Lenny Kaye, mhakiki aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa Patti Smith, katika mkusanyiko uitwao Nuggets wa mwaka 1972. Hivyo neno hilo ni sifa: lasema kuwa muziki ni mbichi na una nguvu. Mwalimu wa Wote angeweza kulichukua kama tusi.

Au mhakiki aseme kuwa gitaa hilo lakumbusha "mawimbi" ya California. Hapo humaanisha muziki wa vijana wateleza juu ya mawimbi, na hasa Dick Dale, aliyepata sifa kwa kibao "Misirlou" cha mwaka 1962. Dale alikuwa na asili ya Lebanon upande wa baba, na kasi ya mkono wake ilitokana na muziki wa Kiarabu aliousikia kwa jamaa zake, ikiwemo ala ya udi. Udi huo huo ndio unaopigwa katika taarab ya Mombasa na Zanzibar. Fumbo lililomtisha mwalimu wa Wote, likifunguliwa, lamrudisha pwani ya nchi yake mwenyewe.

Tena mhakiki akitaja jina Stagger Lee asieleze, wasomaji wake humjua: ni Lee Shelton, aliyempiga risasi Billy Lyons katika baa mjini St. Louis usiku wa Krismasi mwaka 1895, kisa kilichogeuka nyimbo nyingi za weusi na baadaye za roki. Greil Marcus alimpa nafasi kubwa katika kitabu chake Mystery Train cha 1975. Huo ni mtindo ule ule wa mwimbaji wa Kitui anayetaja jina la mlevi wa soko fulani na kuwaachia wasikilizaji wamalizie. Tofauti ni kwamba kumhusu Stagger Lee vimeandikwa vitabu, na kumhusu mlevi wa soko hakuna aliyeandika.

Tafsiri inapofika mahakamani

Kuna wakati ufasiri huacha kuwa starehe. Wakamba walikuwa na myali, nyimbo za ngoma zilizotungwa ili kumsuta mwenye mwenendo mbaya. Aliyesutwa alijijua, na wachezaji wote walimjua, lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa ametajwa. Paul Kavyu, mtaalamu wa muziki aliyeandika utangulizi wake kuhusu muziki wa Wakamba mwaka 1977, aliiweka myali miongoni mwa aina kuu za ngoma za jamii hiyo. Benga ya Ukambani imerithi ustadi huo. Mgogoro wa shamba, kiongozi aliyekula fedha za kisima na mwanamuziki mpinzani hupigwa mishale bila ya jina.

Kinga hiyo ya kutotaja jina ilitosha kijijini. Haitoshi tena wimbo ukishafika redioni na kwenye simu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa, na mwaka 2012 wanamuziki watatu waimbao kwa Kikuyu walishtakiwa kwa sababu ya nyimbo zao. Misiani naye, kabla ya sheria hiyo, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa visa vya wanyama ambavyo watawala waliona kuwa vyawahusu. Katika mashauri ya namna hii hakimu huenda asiijue lugha ya wimbo. Anachokisoma ni karatasi ya tafsiri. Fisi akiandikwa fisi, mwimbaji ametunga hadithi ya porini. Fisi akifafanuliwa kuwa fulani, mwimbaji yumo kizimbani.

Swali la nani ana haki ya kufafanua basi si dogo. Mtafsiri aliyezaliwa Nairobi na kujifunza Kikamba likizoni hawezi kulingana na mama wa Kyuso aliyeicheza ngoma yenyewe. Lakini mama huyo naye ana ukoo wake na ugomvi wake, na aweza kusikia tusi mahali ambapo mwimbaji hakulitia. Njia salama ni kusikiliza wengi, kutoka pande zote mbili za Mto Athi, na kuandika pale wanapotofautiana badala ya kuchagua jibu moja na kulipamba.

Kazi ya namna hiyo imeanza, ingawa polepole. Shirika la Ketebul Music la Nairobi, chini ya Tabu Osusa, lilitoa mwaka 2008 kitabu kinachofuatilia historia ya benga kikiambatana na rekodi, nacho kiliwahoji wanamuziki wenyewe badala ya kutegemea vijitabu vya ng'ambo. Vituo vya redio vya Kikamba, kama Musyi FM na Mbaitu FM, vimewapa wasikilizaji nafasi ya kuzisikia tena nyimbo za zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kalamu: wimbo kwa wimbo, jina kwa jina, nani alisalimiwa katika dakika ya tatu na kwa nini.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975, benga ya Ukambani ilipokuwa ikishika kasi, sasa amepita miaka 70. Huko Mbooni, Kibwezi na Mwingi bado wapo watu ambao majina yao yamo ndani ya santuri hizo, walioitwa kwa sauti katikati ya magitaa, na ambao wageni waliowaandika kama beti hawakufika kuwauliza.